Mbinja Mbili za Papa Kanyamibwa

Goma, Jumapili tarehe 9 Mei 2010

Kwa dada yangu mpendwa Kanyere,
Dukani, Kalembe

Dada,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na shemeji na watoto wote, bila kumsahau yule mdogo ambaye bado sijamtia machoni. Kifua chako kinaendeleaje? Mama Geneviève wa mitumba, ambaye ndiye atakayekuletea barua hii, ameniambia kwamba unakohoa asubuhi tu, lakini umekataa kulala hata siku moja kwa sababu hakuna wa kukaa dukani. Tafadhali funga duka siku mbili. Kalembe haitakufa kwa kukosa chumvi siku mbili. Mimi huku sijambo. Vumbi la volkeno linaniwasha macho, lakini mwili ni mzima, kazi ya kufundisha ipo, na chumba changu hakivuji sana. Maharagwe uliyonitumia yalifika Sake salama, nikayafuata, na nimeshayala karibu yote.

Hayo maharagwe ndiyo yaliyonifanya nikuandikie, maana siku niliyokwenda Sake kuyachukua nilikutana na mtu. Lakini nitakueleza kwa utaratibu. Kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja: usiisome barua hii ukiwa umesimama kwenye meza ya duka, wateja wakikuzunguka. Ingia nyuma, kaa juu ya magunia, ndipo uisome. Ukiimaliza utanikasirikia, na utakuwa na haki. Nimekaa na barua hii juma zima. Karatasi mbili nimezichana, na hii ya tatu nimeapa sitaichana.

Unaikumbuka kompyuta ya shule. Ile ya rangi ya maziwa yaliyolala, aliyotuachia padri mzee alipokwenda zake kupumzika kwao. Wewe uliiita jeneza, kwa ukubwa wake. Tulipokimbia vita mwaka 2008, watu walibeba magodoro na mbuzi, na Préfet Édouard, mkuu wetu wa shule, aliifunga kompyuta katika blanketi, akaipakia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, na kuisukuma vilima vyote vile. Watu walimcheka njiani. Tuliporudi hawakucheka tena, kwa sababu wenye bunduki waliolala madarasani walikuwa wamepikia madaftari yetu yote. Alama za wanafunzi, tarehe zao za kuzaliwa, kila kitu kilikuwa moto na majivu. Kilichobaki ni kile kilichokuwa ndani ya jeneza lako.

Mwaka uliofuata tukawa na wanafunzi ishirini na watatu wa darasa la mwisho. Ili waandikishwe kwa mtihani wa serikali, ofisi ya ukaguzi ilitaka orodha iliyopigwa chapa, kila jina na alama za miaka miwili na picha ya mwenyewe. Na unajua barabara ilivyokuwa Februari ile. Gari lililokuwa limepewa ruhusa ya kupita ni lile la parokia tu, na lilikuwa lipite Jumamosi, mara moja. Likipita bila orodha yetu, basi, hakuna mtihani. Kazi hiyo ilinishukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu na mtu pekee shuleni aliyejua kuandika kwa vidole vyote.

Kompyuta ilikuwa nzito, dada, nzito mpaka inatia huruma. Ukibonyeza herufi, unaingoja. Ukifungua picha moja, unaweza kumaliza fungu zima la rozari kabla haijaonekana uso wote. Kwanza nywele, halafu paji la uso, halafu unangoja macho. Jumatatu jioni nilikuwa nimemaliza wanafunzi wawili. Préfet alishauri tuipeleke kwa masista wa ng'ambo ya mlima, wenye kompyuta mpya, tumalizie huko. Ilikuwa mwendo wa siku moja, na vizuizi vitatu vya watu wenye bunduki. Nikamwambia hakuna haja. Nikamwambia mbele ya walimu wote kwamba tatizo si kompyuta, tatizo ni watu kutoijua, na kwamba mimi nitaifanya ikimbie.

Unakumbuka pia kwamba siku zile yule kijana Guy alikuwa Kalembe. Alikuja kumzika bibi yake, barabara ikafungwa nyuma yake. Huko Goma alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba ya intaneti, na maneno aliyokuwa nayo juu ya mashine yangejaza gunia. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba prosesa, yaani kile kipande cha ndani kinachofikiri, huchoka kwa joto, na kwamba ukikipoza hata kompyuta iliyozeeka hupata nguvu. Basi tukaifungua. Nilitoa vumbi la miaka kwa unyoya wa kuku. Tukaiweka wazi, bila kifuniko, kwenye dirisha linaloelekea kule unakotoka ukungu. Nilipasua mianzi miwili nikaiunga ili upepo wa mlimani uingie moja kwa moja tumboni mwake. Wanafunzi walipokezana kuipepea kwa vipande vya katoni, wale ishirini na watatu, kila mmoja akipepea karibu na picha yake mwenyewe. Ulikuja siku hiyo na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ukatuuliza kama hicho chakula tunachopuliza kitaiva lini. Nilicheka nawe. Ilikuwa siku nzuri, na bado ninaipenda, ijapokuwa sistahili.

Sasa tumtaje Papa Kanyamibwa.

Umeme wa shule ulitoka kwake, kwenye jenereta ya kinu chake cha kusagia muhogo. Alivuta waya juu ya migomba mpaka darasani bila kutuomba chochote, ila tu kwamba binti yake Béata, mtoto wako wa ubatizo, alikuwa mmoja wa wale ishirini na watatu. Na alikuwa mtu wa uangalifu. Alijua kwamba jiwe la kusagia likianza kuzunguka umeme hutikisika. Kwa hiyo tulipatana: kabla ya kuliwasha angepiga mbinja mbili, kubwa, za kichungaji, zinazosikika mpaka kanisani, nami ningezima kompyuta na kungoja. Hakuwahi kusahau. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mbinja mbili, nazima. Kinu kikinyamaza, nawasha.

Alhamisi kompyuta ilianza kukimbia. Si kutembea, kukimbia. Picha zilifunguka kabla hujatoa kidole. Walimu walikuja kuona, Préfet akanishika bega, na Béata ndiye wa kwanza kuniita Ingénieur. Kufikia saa sita siku hiyo kijiji kizima kiliniita hivyo, hata wewe, ukinitania kwamba Ingénieur haji kununua sabuni kwa bei ya watu wa kawaida. Jioni nilikuwa nimemaliza wanafunzi kumi na saba.

Ijumaa mchana ilikufa.

Yaliyofuata unayajua, kwa kuwa uliyaishi kuliko mimi. Nilimwambia Préfet kwamba umeme wa Papa Kanyamibwa ulikuja kwa nguvu, kwamba aliwasha jiwe bila kutoa ishara. Nilimwambia sikusikia mbinja. Ni maneno hayo tu niliyoyasema, dada, na nilijitetea nayo kwa mwaka mzima: kwamba sikusema alifanya makusudi. Neno “makusudi” waliliongeza wengine, sokoni, jioni ileile, nami nilikuwa nimeketi palepale nikila muhindi wa kuchoma na kuwasikiliza. Ulikuwa mwaka wenyewe ule, na lugha anayosema Papa Kanyamibwa nyumbani kwake, ile ya ng'ambo ya mpaka, unaijua. Mtu mmoja alisema: “Batu hao hawapende batoto yetu basome.” Mwingine akakumbusha kwamba na binti yake yumo katika orodha, akajibiwa upesi kwamba huyo atatafutiwa shule ng'ambo ya mpaka. Kila kitu kilikuwa na jibu. Nilitafuna muhindi wangu.

Jumamosi gari la parokia lilipita, likaenda bila sisi.

Baada ya hapo hakuna aliyepeleka muhogo kwa Kanyamibwa. Watu walirudi kwenye vinu vya mikono. Nakukumbuka ukinionyesha viganja vyako vyenye malengelenge, ukisema ni heri yapasuke yote kuliko unga wako kupita mikononi mwa yule mtu. Ulisema hivyo kwa ajili yangu. Mama Béata, rafiki yako wa miaka kumi na minane, alikuja mlangoni kwako, nawe ukamwambia duka limefungwa na huku mlango uko wazi. Katika shirika letu la kanisani ulisimama ukasema kwamba wewe kama mama wa ubatizo unaona aibu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Juma la pili mkanda wa kinu ulikutwa umekatwa kwa panga. Juma la tatu, asubuhi, Kanyamibwa na mkewe na Béata walishuka kwa miguu njia ya Sake, na jenereta wakaiacha.

Sasa nifike Sake, kwenye maharagwe yako.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe moja mwezi huu. Nilikuwa sokoni, gunia langu miguuni, nikingoja gari la kurudi Goma. Mtu mzee aliyebeba gunia la makaa alisimama mbele yangu, akalishusha, akavua kofia. Kwanza sikumjua, kwa sababu alikuwa amekonda na mgongo umepinda. Aliniita Ingénieur. Ndipo nikamtambua.

Dada, nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Ningependa angenitukana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wale wote wa sokoni, akasema: “Ingénieur, unisamehe. Groupe yangu, ile jenereta, njo ilichoma mashini ya batoto. Kila siku nafikiri: nilipiga firimbi ao sikupiga? Mimi naona ni kama nilipiga. Lakini wewe uko muntu wa masomo, ulisema hukusikia. Basi sikupiga. Kichwa yangu njo ilianza kupotea.”

Akaniambia mengine, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Mama Béata alifariki katika kambi ya wakimbizi, kwa kipindupindu, Novemba iliyopita. Sijui kama habari hiyo ilikufikia. Kama ndiyo mara ya kwanza unaisikia, nisamehe kwamba unaisikia kutoka kwangu mimi. Béata anasuka nywele za watu, shule imekwisha. Mwenye kinu kimoja pale Sake, akijua kwamba mzee huyu ameendesha injini miaka ishirini, alimpa kazi, naye akakataa. Alikataa kwa kuogopa mkono wake. Alisema mtu anayesahau hapaswi kugusa injini, ataua mtu siku moja. Ndiyo maana anabeba makaa.

Nami nilimjibu nini? Andiko hili linaniunguza, lakini nitaliandika. Nilimwambia: “Imepita, Papa. Tulishakusamehe.” Nilimsamehe, dada. Mimi. Alinishukuru. Alikuwa na avokado mbili katika mfuko wa koti, chakula chake cha mchana, akanipa zote mbili za njiani, nami nikazipokea. Moja niliila ndani ya gari kabla hatujafika Mugunga. Nilikuwa na njaa.

Nimekwepa vya kutosha. Sasa sikia ukweli, ambao sijamwambia mtu yeyote Kalembe.

Mianzi na katoni hazikuifanya kompyuta ikimbie. Zilisaidia kidogo, zikatufurahisha sana, basi. Guy alikuwa amenitajia mambo mengine mawili, na akaniambia nisiyaguse kama sina kompyuta ya pili ya kuharibu. La kwanza ni kwamba juu ya prosesa kuna bati la kupozea, na kati yake na prosesa kuna dawa nyeupe ya kupitisha joto, ambayo hukauka kwa uzee. Watu wa Goma wakiikosa hupaka dawa ya meno, ambayo hufaa kwa siku chache. La pili ni kwamba ndani, kwenye ubao wake, kuna kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kuliko punje ya muhindi, kimevalishwa vijiti viwili. Ukikihamishia vijiti vya pili, unailazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyoumbwa.

Jumatano jioni, baada ya watu kutawanyika, nilikihamisha kile kikofia. Na kwa kuwa nilijua joto litazidi, nilifungua lile bati, nikakwangua ile dawa kavu. Nilikuja dukani kwako kununua dawa ya meno, labda unakumbuka. Ulinionyesha rafu tupu ukasema tangu barabara ifungwe Kalembe nzima inapiga mswaki kwa majivu. Nikarudi mikono mitupu, na dawa ya zamani nimeshaikwangua yote.

Nyumbani nilikuwa na kile kibuyu cha siagi ya ng'ombe ambacho Mama Béata aliniletea. Ng'ombe wao wote walikuwa wamechukuliwa na wenye bunduki isipokuwa wawili, na ile siagi aliikusanya polepole kumshukuru mwalimu wa binti yake, niile na ugali. Siku ile uliyoniomba kidogo ya kukaangia, nikakuambia imekwisha, ukashangaa nilivyo mlafi. Sikuila. Niliipaka kwenye prosesa. Niliwaza: siagi ni laini, itajaza nafasi, itachukua joto, na baridi ya milima yetu ya Masisi itaigandisha isitiririke. Mtu mwenye cheti cha hesabu, dada. Mtoto wa shule ya msingi anajua siagi inafanya nini karibu na moto.

Alhamisi ilikimbia, na mimi nikawa Ingénieur. Lakini jioni ileile niliona majina mawili yamegeuka alama zisizosomeka. Nilijiambia ni uchovu wa macho. Préfet alikuja akaniomba jambo moja tu: kwa usalama, ninakili alama zote kwa kalamu, zibaki kwenye karatasi. Kazi ya saa tatu. Nilimjibu kwamba mtu haandiki kwa mkono akiwa na mashine inayoruka. Alicheka, akaniamini.

Ijumaa ile, saa saba, siagi ilikuwa imeyeyuka na kushuka ndani, kioo kikawa cheusi, nami nikasikia harufu ya jikoni ikitoka kwenye kompyuta. Niliivuta waya. Niliipangusa kwa kitambaa, nikarudisha kikofia mahali pake pa zamani. Na nikiwa bado nimeshika kitambaa, nikasikia kutoka kwenye kinu mbinja mbili. Kubwa, za kichungaji, kama kila siku. Halafu jiwe likaanza kuzunguka.

Alipiga, dada. Nilizisikia. Wakati ule kompyuta ilikuwa imeshakufa, na ni zile mbinja zenyewe zilizonifundisha uongo wa kusema.

Mwezi uliofuata Préfet alinituma Goma na kompyuta kwa fundi mmoja, Benoît. Aliifungua, akanusa, akaita wenzake waje wanuse. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walitaka kujua kama niliipikia na vitunguu. Kisha akanieleza kwamba kile kikofia hakikimbizi prosesa peke yake, kinaburuta na ile sahani ya kumbukumbu inayotunza maandishi, na ndiyo maana alama za wanafunzi ziliharibika tangu siku ya kwanza. Upande wa umeme aliupima wote, akasema ni mzima, hakuna palipoungua. Nami nilirudi Kalembe nikamwambia Préfet kwamba fundi amethibitisha ni umeme. Kanyamibwa alikuwa ameshaondoka. Nilijiambia kwamba kusema kweli hakutamrudisha, kumbe nilikuwa najitunzia jina. Miezi miwili baadaye nikaomba kazi Goma, mkalia mkiniaga.

Sikukuandikia mapema kwa sababu niliona nimwendee yeye kwanza. Nilikwenda Sake Jumanne iliyopita. Nilimkuta nje ya kibanda chake pamoja na Béata, aliyekuwa akimsuka mteja. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kuanzia siagi mpaka mbinja. Habari ya kikofia nadhani hakuielewa. Nilipofika kwenye mbinja aliniinulia mkono ninyamaze, akaniuliza: “Nilipiga?”

Nikamwambia alipiga.

“Mara ngapi?”

Nikamwambia mara mbili, kama kila siku. Alikaa chini. Aliniomba nirudie, na nikarudia, halafu mara ya tatu. Alikuwa akilia bila kujificha, huku akimwambia Béata: “Unaona? Kichwa yangu iko muzima. Unaona?” Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Béata hakunitazama hata mara moja. Alimaliza msuko, akamuaga mteja, kisha akaniuliza kama niliyoyasema pale kibandani nitaweza kuyasema Kalembe, kwa mdomo wangu, na si kwa karatasi. Aliongeza kwamba mamake alikufa akiwa anaamini kwamba ni wao waliowaharibia watoto wa watu. Nilimwambia nitaweza. Akasema: “Tutaona.”

Kwa hiyo, dada, barua hii siyo niliyokuahidi rohoni mara nyingi, ya kukuomba unisemee. Nakuja mwenyewe. Nitafika Jumapili ya Pentekoste, tarehe 23, kama barabara itakuwa wazi, na isipokuwa wazi nitakuja kwa miguu kutoka itakapofungwa. Nakuomba uwaombe watu wa shirika wanipe nafasi baada ya sala, mbele ya wote, na Préfet Édouard awepo, na wazazi wa wale ishirini na watatu. Usinipikie. Kama hutaki nilale kwako, nitaelewa, nitalala shuleni. Viganja vyako ndivyo nitakavyoviomba msamaha kwanza, halafu wewe, halafu kaburi la rafiki yako kule kambini, ambalo Béata amekubali kutuonyesha siku utakayokuwa na nguvu ya kwenda.

Jambo la mwisho. Papa Kanyamibwa na Béata watakuja siku hiyohiyo, lakini hawataingia kijijini. Watangoja pale juu, kwenye kona ya barabara, chini ya mikaratusi. Amesema hataki kuletwa na mtu kwa huruma. Nikishamaliza kusema, nitatoka nje anione, naye atapiga mbinja mbili, akae asikilize. Mkimjibu kwa mbinja, atashuka; mkinyamaza, atajua, atarudi Sake, kule ambako Jumatatu ijayo anaanza kazi kwenye kile kinu alichokikataa. Mimi sina haki ya kumjibu. Niliwahi kuzisikia mbinja zile nikasema sikuzisikia. Nakusihi wewe, dada, ulipokuwa msichana ulipiga mbinja kuliko wavulana wote wa Butembo mpaka mama akakuchapa. Kifua kikikuruhusu, usiwangoje wengine.

Nisalimie shemeji. Nisalimie watoto, na usiwaambie neno kabla sijafika, nataka walisikie kutoka kwangu. Msalimie Préfet kama kawaida, ukiweza kumtazama usoni. Mama Geneviève anangoja mlangoni na mzigo kichwani, naifunga barua. Tumia ule mchaichai na asali asubuhi kabla hujafungua duka.

Ni mimi mdogo wako, mwalimu tu,

Katembo Guylain